Alama Kumi na Mbili za Eeddo Lul

Wakfu wa Kaa Kwako ulifika Tarbaj na magari mawili, kofia mia tatu na fomu ya kurasa tisa. Kofia ziligawiwa siku ile ile. Msaada ungefuata baada ya fomu.

Msaada wenyewe, nisiwe mnafiki, ulikuwa wa maana. Mzee asiyejiweza angepewa mtu wa kumhudumia asubuhi na jioni, mshahara juu ya Wakfu. Angejengewa choo cha kukalia na kuwekewa vyuma vya kushikilia ukutani, ili abaki kwake asihamishwe. Neno hilo, asihamishwe, nililisoma mara mbili. Nina miaka hamsini na sita na sikumbuki mtu yeyote kutoka Nairobi aliyewahi kutuletea karatasi inayosema kaeni mlipo, isipokuwa wakati wa kafyu.

Eeddo Lul ni dada ya marehemu baba; eeddo ndio shangazi kwa lugha yetu, na mji mzima humwita hivyo. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe moja Januari, kama kila mtu wa rika lake hapa, kwa hiyo umri wake ni sabini na nane au mwingine wowote. Anaishi peke yake katika nyumba ya mabati aliyoijenga kwa chai. Miaka thelathini aliuza chai karibu na kambi ya polisi, na Kiswahili chake amekitoa huko. Hakina sarufi lakini kinatosha kugombana.

Mwanawe, Abdihafid, anauza simu Garissa. Si mtoto mbaya. Alinipigia akasema, "Nuh, mama akianguka akiwa peke yake nitajibu nini mbele ya Mungu? Kama hakuna mtu wa kukaa naye, Jumamosi ya mwisho wa mwezi naleta gari." Nyumba ya Abdihafid iko ghorofa ya tatu. Ina ngazi arobaini na nane. Nilizihesabu nikipanda, kisha nikazihesabu nikishuka nikidhani nimekosea. Eeddo akipanda zile, atashuka akiwa amebebwa.

Mtu wa kukaa naye alikuwepo: Hinda, mama wa watoto wanne anayeuza maziwa ya ngamia stendi. "Nampenda Eeddo," aliniambia, "lakini nikiacha maziwa watoto wangu watakula mapenzi hayo?" Hakuwa na kosa. Wakfu ukimlipa Hinda, Eeddo anabaki. Usipomlipa, ngazi arobaini na nane.

Ili ulipwe ilibidi mzee apate alama kumi na mbili kati ya ishirini. Alama zenyewe ni za kutojiweza. Mtu hawezi kusimama, alama tatu. Hawezi kupika, tatu. Haoni vizuri, mbili. Ulikuwa mtihani wa kwanza nilioona ambao anayefeli ndiye mzima.

Eeddo alifeli.

Afisa wa tathmini alikuwa Kagendo, mwanamke wa Meru, mpole, mwenye viatu visivyofaa mchanga wetu. Alivuka ua wa miiba, mimi na dereva wake nyuma yake. Eeddo alikuwa ameketi mlangoni. Alimpa dereva mkono kwanza na kumkaribisha kama mkubwa wa msafara, na hapo Kagendo akaandika alama mbili za macho. Zikawa za kwanza na za mwisho.

"Habari yako, mama?"

"Nabad. Salama."

"Afya?"

"Nabad."

"Miguu inakusumbua?"

"Mimi hakuna shida. Alhamdulillah. Maji nachota mwenyewe. Choo naenda mwenyewe. Wewe mtoto ya nani? Umetoka mbali, umekonda."

Kisha akainuka, maana mgeni hakai bila chai. Nilitaka kwenda mimi. Alinitazama kwa jicho ambalo limewahi kuwanyamazisha makoplo. Akashika ukuta, akaingia jikoni, nasi tukakaa. Tulikaa sana. Kagendo alisoma simu yake mpaka ikaishiwa chaji. Mwishowe Eeddo akatoka na sinia, chupa ya chai ya iliki, tende na vikombe vitatu, jasho likimtiririka chini ya garbasaar, ule mtandio wake wa kijani, akitabasamu.

Kagendo alikunywa, akasifu, akaandika. Nilichungulia. Je, mhusika anaweza kupika mwenyewe? Ndiyo. Kusimama? Ndiyo. Kutembea na mzigo? Ndiyo.

Alama mbili.

Nitaeleza kosa liko wapi, maana Wakfu wenyewe haukuuliza. Huku kwetu ukiulizwa hali, unajibu nabad, amani. Nyumba imeungua, unajibu nabad, halafu baada ya kikombe cha pili unataja moto. Mtu anayeanza na shida zake mbele ya mgeni anamsengenya Mungu. Fomu ile iliandikwa na watu ambao wakiulizwa habari zao hutoa habari zao.

Na kuna jambo la pili. Eeddo hajawahi kuulizwa maswali na mtu mwenye kalamu kwa faida yake. Mwaka wa 1989, tulipopangwa foleni na serikali, watu wa huku peke yetu, tuthibitishe kwamba sisi ni Wakenya, alisimama juani siku mbili akiwa na mimba. Afisa akamuuliza kama ana tatizo. Akasema nabad. Njiani kurudi nyumbani akanishika bega, nikiwa kijana wa miaka ishirini, akaniambia, "Serikali usiionyeshe kidonda, itatafuta chumvi." Sasa, baada ya miaka yote hiyo, mimi yule yule nikamwendea kumfundisha kuonyesha kidonda.

"Eeddo, Kagendo atapita tena Alhamisi kabla hawajafunga orodha. Akikuuliza goti, sema linauma."

"Goti ni la Mungu."

"Ni la Mungu, lakini linauma?"

"Alhamdulillah."

"Hilo si jibu."

"Ndilo jibu. Wewe ulisoma wapi?"

"Sikusoma."

"Inaonekana."

"Abdihafid ataleta gari Jumamosi, Eeddo."

Aliinamia ungo. Alikuwa akichambua mchele, na nusu ya mawe aliyaacha humo humo kwa sababu hayaoni. "Nikifika kule," akasema taratibu, "mbuzi zangu zitapanda hiyo ngazi?"

"Hapana."

"Basi siendi."

"Basi mwambie Kagendo kwamba huwezi."

"Naweza."

Nilitoka nikiwa na hasira, nikarudi kwenye fomu. Nakala moja nilikuwa nimeichukua. Mimi husoma hata karatasi ya kufungia sukari. Watu wa mashirika hawasomi fomu zao, wanazijaza tu. Mwaka wa 2006 walikuja wengine na mbuzi wa maziwa kutoka nchi ya baridi, na katika karatasi zao wenyewe, ukurasa wa nne, palikuwa pameandikwa kwamba mbuzi hao hawawezi joto. Niliwaonyesha. Wakanipa fulana. Mbuzi walikufa ndani ya wiki tatu, fulana ninayo.

Ukurasa wa sita wa fomu hii uliitwa Ushahidi wa Jirani. Mtu anayemfahamu mhusika kwa zaidi ya miaka kumi anaweza kueleza hali yake. Maelezo yasomwe mbele ya mhusika, naye akikubali atie dole gumba. Kagendo hakuwahi kufika ukurasa wa sita, kwa sababu kila mzee wa Tarbaj alimaliza mahojiano katika ukurasa wa pili akiwa buheri wa afya.

Mtu wetu hawezi kujilalamikia. Lakini kumlalamikia jirani, hilo ni sadaka, ukiwa na nia njema. Ukiwa na nia mbaya, ni burudani.

Nikaenda kwa Kerrow.

Kerrow ni shemeji yake Eeddo, ndugu wa marehemu mumewe, na ua wake umepakana na wa Eeddo. Alikuwa dalali wa ngamia. Mumewe Eeddo alipofariki, miaka ishirini na miwili iliyopita, Kerrow alifuata desturi akaja na wazee kumposa, kama mke wa kurithi. Eeddo alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama angeweza kumchukua ngamia wa Kerrow badala ya Kerrow mwenyewe, maana ngamia ana meno. Wazee walicheka. Kerrow hajasahau, na hajahama.

Nilimkuta akipiga mswaki wa mti, juu ya meno manne yaliyobaki.

"Adeer Kerrow," nikamwambia, nikimwita ami kwa adabu, "nataka useme ukweli kuhusu Lul."

Alitema. "Kwa nani?"

"Kwa Wakfu. Useme kila kitu asichoweza. Wataandika."

"Wataandika kwa kalamu?"

"Kwa kalamu."

Akaondoa kijiti mdomoni. "Nimengoja mwaliko huu miaka ishirini na miwili. Mlete huyo mwanamke."

Nilimwonyesha Kagendo ukurasa wa sita, naye akamwendea Jumatano. Kerrow alisema kwa saa moja na robo, mimi nikitafsiri, maana Kiswahili anakielewa tu, hakisemi, na nakiri sikuhitaji kuongeza chumvi. Nilichokuwa sikijui ni jinsi alivyojua. Alijua ni siku gani jikoni kwa Lul hapakutoka moshi. Alijua mwendo wa fimbo yake, ni hatua ngapi mpaka chooni na anapumzika wapi. Alisema kwamba asubuhi hungoja kusikia bati la mlango wake likigonga, na lisipogonga hukohoa kwa nguvu mpaka Lul amtukane, ndipo hunywa chai yake.

"Na wewe mzee," Kagendo akamuuliza, "hali yako?"

"Nabad," akasema Kerrow, akiwa ameegemea ukuta kwa mikono miwili.

Alhamisi tukaenda kwa Eeddo. Hinda naye alikuwepo, maziwa yake ameyaacha kwa dada yake. Safari hii niliingia na chupa ya chai mkononi na kuiweka mbele ya Kagendo kabla Eeddo hajainuka. Eeddo aliitazama chupa ile kama unavyotazama mgeni aliyekuja na godoro lake.

"Mama," Kagendo akaanza kwa Kiswahili cha polepole, "jirani yako ametueleza hali yako. Nitakusomea. Ukikubali, utaweka dole. Usipokubali, tunaacha, na faili lako linafungwa leo."

"Jirani gani?"

"Kerrow Olow."

Nilimwona Eeddo akikaza shingo. Nyuma ya ua wa miiba kitu kilijikwaa. Kerrow alikuwa upande wa pili, na ua ule una matundu.

"Soma," akasema Eeddo.

Kagendo akasoma. "Lul hawezi kusimama bila kushika kitu. Ndoo ya maji huijaza nusu, na nusu ya hiyo humwagika. Jumanne iliyopita alianguka chooni akakaa chini mpaka adhuhuri."

Hinda aliangalia chini. Mbuzi mmoja alikuja akanusa fomu. Nikawaza gari la Jumamosi, nikawaza kama linaweza kuharibika njiani pale Modogashe, yapo mengi huharibika Modogashe.

"Muongo," akasema Eeddo.

Kagendo akashusha pumzi, akafunika kalamu. "Si kweli, mama?"

"Muongo kabisa. Choo ilikuwa Jumatatu. Jumanne nilianguka jiko."

Kalamu ikafunuliwa.

"Halafu huko chooni si mpaka adhuhuri. Adhuhuri nilisikia adhana nikiwa chini, Mungu anisamehe, nikaswali hapo hapo kwa kuashiria. Nilitoka karibu alasiri. Yeye anajua nini? Alikuwa amelala, huyo, mdomo wazi."

"Sikulala!" ua ukasema. "Nilikohoa! Nilikohoa mpaka kifua kikauma! Ungejibu ningemwita Hinda!"

"Ningejibu nini? Nikuambie wewe niko chooni?"

"Na Jumatatu nilijua ni Jumatatu! Nilisema Jumanne kwa heshima!"

"Heshima gani hiyo inabadilisha siku?" Eeddo akamgeukia Kagendo, kidole juu. "Andika sawasawa. Amesema nini tena?"

"Amesema unaweza kupika, ila polepole."

"Siwezi. Huu mkono haushiki sufuria. Tazama." Akavuta ukingo wa garbasaar, akaonyesha kovu la moto, bichi, refu kama kijiko. Sikuwa nimeliona, mimi niliyejidai nimeona kila kitu. "Amesema nini tena, huyo dalali?"

"Kwamba macho ni mabaya."

"Mabaya! Ya kushoto imekwisha kabisa, tangu Ramadhani ile nyingine. Anauza ngamia maisha yake yote na hawezi kuhesabu jicho?"

Wakaenda hivyo mstari kwa mstari. Kila Kerrow alipokuwa amepunguza, Eeddo alisahihisha. Kagendo aliomba karatasi ya ziada kutoka garini. Hakuna aliyelalamika wakati wowote. Ilikuwa kesi ya uongo wa shemeji, na mshtaki alikuwa na ushahidi mwilini mwake. Mwishoni Kagendo akajumlisha, akajumlisha tena, akaandika kumi na saba. Hinda alikaa chini mchangani, mikono kichwani, akicheka bila sauti.

Eeddo alitumbukiza dole gumba kwenye wino. Akalishika kwa mkono wa pili, akaligandamiza kama mtu anayeua kupe.

Nikampigia Abdihafid pale pale. Nilimwambia mama yake amepita. Akauliza amepita nini. Nikamwambia asilete gari, alete dawa ya kuungua, na aje mwenyewe. Akasema, "Aliungua?" kwa sauti ya mtoto, nami nikampa mama yake simu.

"Nabad," Eeddo akamwambia, akakata. Akajifuta wino kwenye ukingo wa mkeka, akamtazama Kagendo aliyekuwa akikusanya karatasi zake.

"Unakwenda wapi? Hiyo ya kwangu imekwisha. Sasa toa karatasi ya Kerrow. Mimi ndio jirani yake, miaka arobaini. Andika: huyo mtu hawezi hata kufunga viatu. Andika: kila asubuhi anakojoa njiani kabla hajafika."

Nyuma ya ua, Kerrow aliondoka kwa kasi yote aliyokuwa nayo, akishika mti, kisha pipa, kisha ukuta. Kagendo alisimama akamtazama mpaka akaingia ndani. Halafu akaketi tena na kufungua fomu mpya, ukurasa wa sita.