Waliooa Dhidi ya Makapera

Klabu ya Nabapalli inaweza kwenda kwenye ligi ya wilaya, ikachabangwa mabao sita, na wachezaji wakarudi kwenye treni wakipiga soga na kula karanga kama watu waliotoka arusini. Hakuna anayeumia. Lakini ile mechi ya siku ya Uhuru, inayochezwa bendera ikishapandishwa na watoto wakishagawiwa pipi, hiyo huwakosesha watu usingizi. Ni waliooa dhidi ya makapera. Wanaofungwa hupika mbuzi, huwapakulia washindi, kisha husugua masufuria uwanjani huku mtaa mzima ukiwatazama kutoka roshani. Na kwa miaka mingi waliosugua walikuwa makapera.

Asubuhi hiyo Shontu, mlinda mlango wa makapera, alikuwa kwenye ngazi za klabu akifunga upya kamba za viatu zilizokwisha kufungwa. Shida yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuibeba. Hakuwa kapera. Majuma machache nyuma yeye na Paromita walipanda treni hadi mji wa pili, wakatia saini mbele ya msajili wa ndoa, wakanywa chai, kila mtu akarudi kwao. Walijua mashahidi tu, na mmoja wao alikuwa rafiki yake Pocha. Baba yake Paromita hakujua, naye ndiye Mzee Haradhan, katibu wa klabu na nahodha wa waliooa, aliyekwisha kutangaza mbele ya watu kwamba bintiye hataolewa na fundi friji, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Shontu.

Paromita alipita na kikapu cha maua ya bendera. Utosini hakuwa na ule unga mwekundu wa mke wa mtu, na kila Shontu alipopaona pale patupu, moyo ulimwuma.

"Umemwambia?" akauliza bila kusimama.

"Baada ya mechi."

"Baada ya mechi, baada ya mvua, baada ya mavuno! Jumapili wanakuja watu wa Bardhaman kunitazama, wanichumbie. Baba ameshaagiza vitamu vya rasgula sinia zima."

"Nitamwambia leo, haki ya Mungu."

"Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Na mimi ulimi wangu haujui kupuliza, unauma tu."

Akaenda zake. Pocha, aliyekuwa akijipaka mafuta ya haradali magotini, akacheka mpaka akapaliwa.

Pocha alikuwa na haki ya kucheka. Mwaka uliopita naye alikuwa ametia saini kwa msajili, akisubiri arusi yenyewe wakati wa baridi, na pande zote mbili zilimgombea kwenye mkutano wa klabu. Mzee Haradhan ndiye aliyekata shauri, akiigonga meza ya karata kwa ngumi: "Saini ni ndoa! Kuzunguka moto wa arusi ni kuwafurahisha mashangazi tu. Na upande utakaochezesha mtu asiye wake, huo umefungwa, hata ukiwa na mabao kumi!" Watu wakapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Shontu, kwa kuwa siku hiyo jambo lenyewe halikumhusu.

Mvua ilinyesha kuanzia filimbi ya kwanza. Uwanja ukawa tope tupu, na waliooa, ambao wengi wao matumbo yaliwatangulia kufika kwenye mpira, walipoteleza walikuwa wakienda mbali. Makapera wakawa mbele, mbili kwa moja. Zikiwa zimebaki dakika za mwisho, beki mmoja wa makapera akaudaka mpira kwa mikono kama anayepokea mtoto. Penalti.

Mzee Haradhan akaja mwenyewe. Penalti zake zilikuwa hazijawahi kuokolewa na mtu.

"Kapera!" akamwita. "Toka golini ukamsaidie mama yako kupara samaki!"

"Piga, Mzee, mvua inatulowesha," Shontu akajibu.

Mzee akapiga kushoto. Shontu akaruka kushoto, akaupangua kwa ncha za vidole, akaanguka kifudifudi kwenye dimbwi. Filimbi ya mwisho ikalia. Makapera wakamrukia wote, wakimwita simba, wakimwita tembo, wakimjaza tope masikioni.

Alipoinuka, Mzee Haradhan alikuwa amesimama mbele yake. Shontu alitazamia matusi, na angeyapokea kwa furaha. Badala yake mzee akamwekea mkono kichwani.

"Hakuna aliyewahi kunizuia," akasema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Leo sufuria kubwa nitalisugua mimi."

Shontu akaona haya, haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Kumdanganya mtu anayekufokea ni kazi rahisi. Huyu alikuwa amemwekea mkono kichwani.

"Usisugue, Mzee. Mmeshinda nyinyi."

"Umegonga kichwa?"

"Mimi nimeoa. Saini, kwa msajili."

Mzee akamwondolea mkono kichwani.

"Umemwoa nani?"

Shontu hakuweza kulitamka jina. Aliinua macho kwenye roshani ya nyumba ya manjano, nyumba ya Mzee. Paromita alikuwa amesimama pale karibu na mama yake, na mbele ya watu wote akavuta ncha ya sari, akajifunika kichwa kama mke wa mtu.

Makapera ndio waliozinduka kwanza. "Hiyo si ndoa!" wakapiga kelele. "Hawajazunguka moto! Ushindi ni wetu!"

"Mzee," Pocha akasema taratibu, "si ulisema saini ni—"

"Funga mdomo, Pocha."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na sasa ulikuwa umemkalia Mzee mwenyewe shingoni. Angesema saini si ndoa, angerudishiwa binti yake na kupoteza mechi. Angesema ni ndoa, angeshinda mechi na kupata fundi friji. Akaitazama roshani kwa muda mrefu. Paromita hakuinamisha macho. Mzee akajipangusa uso kwa kiganja chenye tope, akauchafua zaidi.

"Saini ni ndoa," akasema. "Makapera wamechezesha mtu asiye wao. Tumeshinda."

Makapera wakaguna. Shontu, asiyejua kama amesamehewa au amefukuzwa, akajiendea kichwa chini kule yalikopangwa masufuria.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Kusugua, Mzee."

"Masufuria ni ya makapera. Mkwe wangu hasugui sufuria mbele ya mtaa." Akasogea kwenye benchi la waliooa, akapiga ubao kando yake. "Kaa hapa."

Juu kwenye roshani mama yake Paromita akapiga vigelegele, na jirani zake wakampokea. Mzee Haradhan akajifanya hasikii. Akamwinamia Shontu sikioni.

"Na Jumapili uje mapema," akasema kwa ukali. "Rasgula zimeshaagizwa, na watu wa Bardhaman hawaji tena."