Mkono wa Kushonea

Umewahi kumwangalia mtu anakwambia "sijambo kabisa" huku vidole vyake vya miguu vimejikunja juu ya kandambili kama vinatafuta pa kushika? Mimi nimemwona. Ni mdogo wangu, tumbo moja, yule anayenifuata, na siku hiyo alikuwa kwenye kiti cha dripu, anatiwa dawa yake ya mwisho ya saratani.

Nianze na mkono wake, maana habari yote iko hapo. Mdogo wangu ni fundi cherehani. Cherehani anakanyaga kama mafundi wengine, lakini vifungo, pindo na matundu ya vifungo anamalizia kwa mkono, mkono wa kulia, na ukiligeuza gauni lake ndani nje hutajua upande upi ni upi. Sasa titi lililougua lilikuwa la kushoto. Walipolikata walitoa na tezi za kwapani, na kuanzia hapo wakatukataza: mkono wa kushoto usidungwe sindano wala usifungwe kipimo cha presha, unaweza kuvimba usirudi. Kwa hiyo kila dripu ikawa inapitia kulia, mkono ule ule wa kushonea. Kadiri dawa zilivyoendelea, mishipa ilikonda na kukakamaa kama uzi uliotiwa nta.

Muuguzi wetu tulimwita Sista Taratibu. Jina lake ni jingine, lakini hilo ndilo neno lake la mchana kutwa. "Taratibu, mama, hatufukuzwi." Siku hiyo alimwambia mdogo wangu atumbukize mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaukausha kwa taulo ndogo, akaupapasa kwa kidole kimoja, macho kayafumba nusu, kama mtu anayechagua kitambaa gizani. Mshipa wa kwanza ulimkatalia. Wa pili, mgongoni mwa kiganja, karibu na kidole gumba, ukakubali.

"Hapo ndipo mkasi unapokaa," mdogo wangu akasema.

"Najua, mama. Ndiyo maana nimevuta kigoda. Hii nyekundu si dawa ya kuning'iniza halafu mtu akaenda kunywa chai. Naisukuma mwenyewe, kidogo kidogo. Ukisikia inachoma, inawasha, inavuta, hata kama ni kidogo, niambie. Ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama ya ndani."

"Nimekuelewa."

"Kuelewa unaelewa kila siku. Mimi nataka useme."

Kiti cha pili alikaa dereva mstaafu ambaye sote tulimwita Mzee Kofia, kwa sababu tangu nywele zidondoke hakurudia kofia ile ile. Alilitazama lile bomba la sindano lenye dawa nyekundu, akaguna.

"Wenzetu wanaletewa juisi. Sisi tunapewa maji matupu."

"Njoo tubadilishane," mdogo wangu akamjibu. "Na hiyo kofia uniachie, bitana yake imekufa."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini si kwa moyo wote. Tukiwa njiani mdogo wangu alikuwa ameniambia neno ambalo sikulipenda. Dawa hii ilikwisha kuahirishwa mara mbili, damu imeshuka, rudi nyumbani, kula vizuri, njoo tena. Basi akaniambia, "Dada, leo hata wakisema jengo linaungua, sinyanyuki mpaka iishe." Alisema anatabasamu. Ninalijua tabasamu lile. Ndilo alilovaa tulipomzika shemeji yangu, mume wake.

Nilikuwa nimebeba chupa ya chai, lakini ndani hamkuwa na chai, ni vipande vya barafu. Sista ndiye aliyetufundisha: mgonjwa anyonye barafu dawa ikiingia, mdomo usije ukachubuka baadaye. Nikampa kipande. Akakiweka shavuni. Sista akavaa glovu na aproni ya plastiki, akaanza.

Anasukuma kidogo. Anasimama. Anavuta nyuma kidogo aone kama damu inarudi, ajue sindano bado imo mshipani. Inarudi. Anasukuma tena.

"Vipi, mama?"

Mdogo wangu akatikisa kichwa kwamba hakuna neno.

Anasukuma. Anavuta. Damu inarudi, nyembamba, lakini inarudi.

"Inachoma?"

"Sijambo kabisa," akasema, barafu ikigonga meno.

Hapo ndipo nilipoangalia chini. Sijui kwa nini niliangalia chini. Labda kwa sababu uso wake ulikuwa umenyooka mno, kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nikarudi kuangalia uso. Akanitazama. Lilikuwa jicho lile la utotoni, akivunja kitu na mama yumo chumba cha pili: dada, usiseme.

Nataka unielewe nilivyobanwa. Mdogo wangu si mtu wa kuomba. Walipomkata titi nilifunga kifurushi changu nikaenda kukaa naye, akanipokea mlangoni, akanipa maji ya kunywa, akaniambia, "Dada, rudi kwako, wajukuu watakuhangaikia." Nikarudi. Kila alipotoka dripu nilimfikisha nyumbani, nikamtandikia, nikangoja aseme kaa. Hasemi. Nikazoea kungoja. Nilikuwa nikijiambia kwamba mtu mzima ana nyumba yake na siku akitaka atafungua mdomo.

Lakini pale pa kungojea hapakuwapo. Kidole gumba cha Sista kilikuwa kinashuka tena kwenye bomba.

"Sista, simamisha. Mdogo wangu anaumia."

"Siumii," akasema.

"Mwangalie miguu."

Sista hata hakuangalia miguu. Kidole chake kilikwisha kutoka kwenye bomba kabla sijamaliza kusema. Akainama mpaka pua ikaukaribia ule mkono. Ngozi pembeni ya sindano ilikuwa imeinuka kidogo tu na kuwa nyekundu, kama pale mdudu alipokuuma.

Mimi nilidhani ataichomoa ile sindano upesi. Hakuichomoa. Alimwita mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa, na sauti ile ya kawaida ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Akafungua bomba tupu, akaunganisha, akavuta nyuma polepole dawa yoyote iliyokubali kurudi. Ndipo akachomoa, akauweka mkono juu ya mto, akachukua kalamu mfukoni na kuzungushia pale penye wekundu.

Mdogo wangu akautazama ule mstari.

"Umechora kombo," akasema.

"Fundi ni wewe, mama. Mimi nabahatisha."

Mzee Kofia alivua kofia, nikakiona kipara chake kwa mara ya kwanza, akaiweka magotini.

Daktari akaja. Hakubonyeza, aliangalia tu, akamwambia agusanishe kidole gumba na vidole vingine kimoja kimoja. Cha shahada, sawa. Cha kati, sawa. Akafika cha mwisho kwa kujivuta. Daktari akasema iliyotoka inaonekana ni kidogo, lakini dawa hii ni ya kuvizia, haisemi siku ya kwanza. Wekundu ukivuka mstari, au ngozi ikitoa malengelenge, turudi saa hiyo hiyo. Usipovuka, turudi kesho asubuhi waangalie. Usikandwe, usipakwe kitu. Na dawa iliyobaki haitaendelea leo.

"Lini sasa?" mdogo wangu akauliza.

"Mkono utatuambia."

Akanigeukia. "Umeridhika?"

Sista akakaa tena kwenye kigoda chake.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka iishe."

"Na mkono?"

"Nilidhani utavumilia. Mimi navumilia."

"Hapa hatutoi zawadi kwa mvumilivu, mama," Sista akasema, akimfungia pakiti ya barafu kwa kitambaa ili isimguse ngozi moja kwa moja. "Haya. Leo mkono ukae juu, uwekewe baridi, utolewe, uwekewe tena, na mtu auangalie huu mstari. Nyumbani yuko nani?"

"Nitajimudu."

Sista akanitazama. Mimi nikatazama mkoba wangu.

Tulifika kwake jua linaelekea kushuka. Cherehani iko dirishani, na juu ya meza sare za shule zimekwisha kukatwa, alama za chaki bado nyeupe juu ya kitambaa cha buluu. Nikampangia mito miwili, mkono ukakaa juu. Nikaweka barafu. Nikaitoa. Tukaangalia. Nikasogeza pazia tupate mwanga, tukaangalia tena.

"Wekundu umegusa mstari," akasema.

"Haujagusa."

"Huku kwa gumba."

"Huo ni wino umevuja. Angalia vizuri."

Kwa kweli sikujua kama ni wino au ni wekundu. Nilipangusa miwani kwa upindo wa gauni, nikaangalia, bado sikujua.

Baadaye nikamwona amenyoosha ule mkono kwenye kijimto cha kuchomekea sindano kilichokuwa juu ya meza. Akaivuta sindano moja, nyembamba, ile ya pindo. Akaishika kwa vidole viwili. Ikamponyoka. Nikainama kuitafuta sakafuni, nikaipata karibu na kanyagio, nikairudisha mahali pake.

"Ni ganzi ya barafu," akasema.

"Ni barafu," nikasema.

Hakuna aliyemwamini mwenzake.

Nje magari ya jioni yalianza kupungua. Nikajaza barafu mpya kwenye chupa, nyingine nikaiacha kwenye friji, nikamwekea maji karibu, taa karibu, simu karibu. Nikajitanda mtandio.

"Kesho nitakuja mapema tuondoke pamoja. Nikuletee nini?"

"Chochote tu."

Kila siku ni chochote tu. Nikafika mlangoni, nikavaa kiatu cha kwanza. Cha pili kina mkanda wenye bizimu gumu, na siku hiyo niliufunga taratibu kuliko Sista mwenyewe. Nikaufunga, nikaufungua, nikaufunga tena. Nyuma yangu barafu ikajigeuza ndani ya chupa.

"Dada."

"Niambie."

Nikadhani atasema funga mlango, mbu wanaingia. Mkono wangu ukabaki kwenye mkanda wa kiatu.

"Inauma," akasema.

Sikugeuka haraka, nisije nikamshtua akayameza maneno.

"Inauma tangu alipoanza kusukuma ile dawa. Na ninaogopa, dada. Vua hivyo viatu. Usiende, ulale hapa na mimi."