Fundo la Tawini

Mjusi alipanda miti kwa kamba kwa niaba ya watafiti wa ndege. Chini alisimamiwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu aliyemvunjia kiti mgongoni siku ya harusi. Kazi hiyo ina utaratibu: kamba hupitishwa juu ya tawi, ncha yake ikafungwa shinani, ili ukiumia huko juu, wa chini akushushe kama ndoo kisimani. Lakini asubuhi hiyo walikuwa wametukanana tena garini. Mjusi alipofika tawini, akaikaza kamba palepale kwa fundo la kumtosha tembo. Roho yake angeishika mwenyewe.

Akamvisha kinda wa tai pete mguuni. Hajamrudisha vizuri kiotani, mama mtu akashuka, mbawa zake, bila kutia chumvi nyingi, kama milango miwili ya bohari.

Kucha zikaingia kiganjani zikatokea upande wa pili. Mdomo ukampasua paji la uso. Mjusi, damu imemjaa machoni, akarusha ngumi, akapiga hewa, akateleza. Kamba ilipomdaka, bega la mkono wa pili likaachia kwa mlio wa kuni kavu. Akabaki ananing'inia, mikono yote miwili haina kazi, tai akirudi na kumchana mgongo.

Shemeji akafungua kamba shinani ili amshushe. Haikusogea.

"We Mjusi, umefunga wapi?"

"Huku juu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako, shemeji."

Kisha Mjusi akasikia mtu anatukana ukoo wake, babu hata babu, na matusi yanazidi kukaribia. Shemeji alikuwa anapanda kwa upande wa pili wa kamba.

Alipofika alimpiga tai kwa kofia ngumu hadi ikapasuka. Akamfunga Mjusi kiunoni mwake, akakata mkanda uliomning'iniza, wakaanza kushuka. Breki ya kushukia kambani ilikuwa ya zamani, ya kubana kwa mkono; ukiiachia, mnafika chini kabla ya kusema buriani.

Tai akatua shingoni mwa shemeji. Nyama ikachanika. Mkono wa breki haukufunguka, wala ule uliomshika Mjusi.

"Jitetee basi," Mjusi akasema.

"Kwa mkono upi, mpumbavu wewe?"

Mjusi hakuwa na mkono wa kuazima. Alikuwa na meno. Akaunyoosha uso wake wenye damu, akaudaka mguu wa tai, akauma hadi akasikia mfupa. Ndege akapiga yowe, akamtwanga mbawa za uso, akachomoa kucha, akakimbilia kiotani.

Walifika chini kama mzigo mmoja uliochinjwa. Mtafiti, mwanamke aliyekuja mbio kutoka garini, akapiga magoti, akajaribu kuvibandua vidole vya shemeji, kimoja kimoja, kutoka kwenye breki.

Mjusi akatema manyoya.

"Mwache kwanza, dada," akasema. "Bado amenishika."