Uzito wa Pacha Wakitenganishwa

Habari hii ya kiini niliambiwa na mwalimu Veronica, mpangaji wangu, aliyehamishiwa hapa Kumsenga kufundisha fizikia. Tulikuwa tunapukuchua maharage, juma lile tulipomzika mkwe wangu Esperance.

"Bibi, kila kitu, hata haragwe hili, kimejengwa kwa punje ndogo zisizoonekana. Kila punje ina kiini, na kiini ni vipande vilivyoshikana. Ukikipima kizima, ni chepesi kuliko vipande vyake vikipimwa kimoja kimoja."

"Mizani gani hiyo, mwalimu? Ya wanunuzi wa maharage?"

Akacheka. "Vilipoungana, uzito kidogo uligeuka nguvu, ukatoka. Ukitaka kuvitenganisha, lazima urudishe nguvu ileile."

Nikawatazama pacha wa marehemu, Kipriani na Immakulata, wanakula sahani moja. Baba yao, mwanangu, alishatangulia kufa.

Siku ya kuanua matanga, mwanangu mkubwa William alikuja kutoka Kakonko na shati jipya la mtoto, moja tu. Kwetu pacha ukimpa mmoja, na mwenzake lazima apate. Nikajua palepale.

"Nitamchukua Kipriani," akasema. "Mama, mgongo wako umekwisha, wawili huwawezi."

"Basi chukua wote."

"Na wangu watano ndani? Mmoja nitambeba. Wawili ni mzigo."

"Wakiwa pamoja ni wepesi, William. Muulize mwalimu. Ukiwatenga ndipo utakapolemewa."

"Ee Mama! Umeanza shule uzeeni?"

Ndugu waliokaa kikao wakacheka. Mwalimu akainama, mgeni hasemi penye mambo ya ukoo.

Kipriani aling'ang'ania gauni la dada yake mpaka likachanika begani. Wanaume wawili, watu wazima, ndio waliomng'oa. Nikasema moyoni, nguvu yenyewe ndiyo hii.

Jioni Immakulata alikata tonge, akangoja mkono wa pili uingie sahanini. Haukuja. Akalirudisha.

Simu ikalia. "Mama, huyu tangu tufike analia tu. Hali, halali." William hakuwa na mzaha tena.

"Mrudishe."

"Siwezi, Mama. Mpe dada yake simu."

Nikailaza simu mkekani, karibu na sikio la mtoto. Huku pumzi, kule kwikwi. Kwikwi zikaanza kupungua. Immakulata akalala kwanza, kiganja juu ya simu. Nikaendelea kusikiliza.

"Mama," William akanong'ona, "na huyu amelala."