Vipande Vyeupe kwenye Kifusi

Mdogo wangu alitaka kunifurahisha, na balaa lote lilianzia hapo. Nililalamika kwamba kaburi la mama, kule nyuma ya nyumba, limemezwa na vichaka. Badala ya kushika panga kama watu wengine, akamwita dereva wa tingatinga aliyekuwa akichonga barabara ya jirani. Niliporudi kutoka kwenye cherehani yangu, uwanja ulikuwa tambarare. Vichaka havipo, mawe manne tuliyopanga pembeni hayapo, na tuta la kaburi halipo.

Vyote vilikuwa vimesukumwa kando ya uzio, vikafanya kifusi. Nilikwenda kukichungulia nikaona vipande vyeupe ndani ya udongo mweusi. Ardhi yetu naijua: juu udongo mweusi, chini yake mwekundu, na ule mweupe wenye changarawe huupati mpaka ushuke hadi kifuani. Mama alilala kwenye mweupe.

“Umemchimbua mama,” nilimwambia.

Siku tatu sikumsemesha, na chakula chake nilikiacha mezani kama cha mpangaji.

Siku ya nne nikamleta mchimba visima tunayemwita Fuko, maana chini ya ardhi amekaa zaidi kuliko juu. Alikuja na jembe, mwiko na chupa ya maji, akachimba mfereji mwembamba wa kina cha goti kuanzia kwenye uzio. Kila baada ya hatua mbili alikwangua ukuta wa mfereji kwa mwiko, akaurushia maji rangi zipate kuonekana.

“Mwekundu mtupu,” alisema. “Umetulia. Hapa hajachimba mtu.”

Mdogo wangu alisimama mbali, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Sikumhurumia hata kidogo.

Karibu na kisiki cha mti ambacho tingatinga lilikiacha, wekundu ulikatika ghafla kwa mstari ulionyooka. Baada ya mstari ule ulikuwa mchanganyiko: mweusi, mwekundu, na vile vipande vyeupe. Nikafunika uso.

“Si ndio hapo tingatinga lilipovuruga?” nikauliza.

“Dada, tingatinga linakwangua tu. Shimo lenye kona litalijulia wapi?” Akapitisha mwiko kwenye mstari. “Hii ni kazi ya jembe. Siku ya mazishi mlichimba mpaka kwenye mweupe?”

“Ndiyo.”

“Na kufukia? Mlianza na mweupe, mkaja mwekundu, mkamalizia mweusi?”

“Msibani? Nani angekumbuka hayo?”

“Hakuna anayekumbuka. Kila mtu anarudisha kinachomjia kwenye koleo, na kinachozidi kinakuwa tuta. Udongo ukishavurugwa haujipangi tena, hata ukae miaka mia. Hivyo vyeupe vya kwenye kifusi vimetoka kwenye tuta. Vilikuwa juu tangu siku ile.”

Akaenda pale kisikini, ambako bledi ya tingatinga ilikuwa imekwepa, akapima kwa mkono unene wa udongo mweusi uliobaki hapo, kisha akarudi.

“Tingatinga limekula shubiri moja na nusu. Mama yenu yuko chini ya hapo, kimo cha kifua changu. Hajaguswa. Mmemvua blanketi la juu tu.”

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye udongo na gauni langu safi, na machozi yakaja yenyewe. Fuko akajifanya anasafisha mwiko.

Jioni ile nilichukua karai nikaenda kwenye kifusi, nikaanza kuchambua: mweusi mtupu huku, wenye vipande vyeupe kwenye karai. Mdogo wangu akaja akachuchumaa upande wa pili. Alichota kiganja cha udongo, akakigeuzageuza, akaninyooshea.

“Dada, na huu?”

Niliutazama. Ulikuwa na kipande kimoja cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

“Huo ni wa mama,” nikamwambia. “Weka humu. Halafu twende ukale.”