Zamu ya Mwalimu Honorata

Kila mwezi lilipoingia giza, zile siku zisizo na mbalamwezi, na mitumbwi kurudi imejaa dagaa, darasa la saba la kijiji kile, jirani na Kagunga, lilibaki nusu. Watoto walikuwa ufukweni wakigeuza dagaa juani na kufukuza kunguru. Mwalimu mkuu, Honorata, alikuwa amechoka. Mtihani ulibakiza miezi miwili, na Ella, mwenye kichwa chepesi kuliko wote, alikwishakosa siku kumi na moja. Siku nyingine kumi na moja hivi, na mtoto angefeli hivihivi.

Akaita mkutano wa wazazi, akaja na daftari la mahudhurio kwapani. Alisoma jina moja moja huku akimkazia macho mzazi mwenyewe, na tusifichane, alikuwa anafurahia.

"Mama Ella, Jumanne mwanao alikuwa wapi?"

Veneranda alisimama polepole, akajifunga kanga vizuri.

"Alikuwa anaanika dagaa, Mwalimu."

"Dagaa wa nani hao, wanaoshinda hesabu?"

"Wako. Zile ndoo mbili za dada yako wa Mwandiga. Ulisema uwapate wakavu kabla ya Ijumaa."

Watu waliangua kicheko, mpaka benchi la nyuma likaanguka. Honorata aliona aibu ya kweli. Miaka sita pale kijijini alikula dagaa wakavu, na hata siku moja hakujiuliza nani aliyewageuza.

Akachomoa kalamu. Mbele ya jina la Ella akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Sababu ya kutofika: Mwalimu Mkuu."

Kicheko kikakatika. Mzee Nikodemu, mwenye mitumbwi miwili, akakohoa.

"Basi niandike na mimi, Mwalimu. Yule aliyekosa Alhamisi nilimtuma mwenyewe."

Wakafuata wengine, hadi ukurasa ukajaa. Kabla ya kutawanyika walipanga zamu: watu wazima watatu kila siku wangeangalia dagaa wa kijiji kizima, na watoto wangekwenda shule. Honorata akapewa Jumamosi.

Giza la mwezi uliofuata, darasa la saba lilijaa siku zote. Jumamosi ilipofika, Honorata aligeuza dagaa tangu asubuhi, mgongo ukimwaka moto. Veneranda akaja, akakagua mchanga wote, akasimama penye kona moja.

"Mwakeye, Mwalimu," akamsalimu kwa Kiha. "Hapa hujageuza. Rudia."

Honorata akainama, akarudia.