Bia Nyeusi ya Mpemba

Lusubilo alifika mjini Mpemba saa nane mchana amevaa shati lake la kanisani. Mpwa wake Ketrina alikuwa amempigia simu mara tatu. "Mjomba, shuka kutoka Igamba uje uonje kahawa yako ilivyogeuka."

Ketrina alijifunza kupika bia Kitwe, nchini Zambia, alikokimbilia alipoachana na mumewe, Jofrey. Aliporudi alifungua baa kando ya barabara kuu, na bia yote ya pale aliipika mwenyewe nyuma ya kaunta, kwenye mapipa ya chuma.

Alimpangia mjomba wake bilauri nne ndogo. Ya ulezi ilikuwa na uchachu wa mbali. Ya asali ilimkunja uso kwa utamu. Ya tangawizi ilimpalia, Ketrina akacheka mpaka akashika mbavu. Ya mwisho ilikuwa nyeusi. Lusubilo aliinywa taratibu. Ilikuwa chungu, kisha ikaacha mdomoni harufu ya buni zinazokaangwa.

"Hii kweli imetoka shambani kwangu," alisema.

Ndipo Jofrey akaingia na kipande cha nondo. Hakusalimu. Alilipiga pipa la karibu, bomba likang'oka, bia ikaruka hadi darini.

"Mke wangu anauza pombe barabarani!"

"Mimi si mke wako tena. Toka!"

Nondo ilimpata Ketrina kwenye mkono alioinua kujikinga. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu unaovunjika. Wateja wawili waliokuwepo wakakimbilia nje. Jofrey akamkamata nywele, akambamiza uso kwenye kaunta, akamwinua, akambamiza tena.

Lusubilo alikuwa na miaka sitini na mmoja, mzee wa kanisa, na alikuwa hajampiga mtu tangu utotoni. Alichomoa mwiko mrefu wa mti kwenye sufuria la kimea lililokuwa likichemka, akampiga Jofrey kisogoni. Jofrey akageuka, nondo ikampata Lusubilo ubavuni, pumzi ikamkatika. Akapiga tena, usoni. Taya likaenda upande. Nondo ikaanguka, Jofrey akapiga magoti na kuinua mikono.

"Mzee, basi. Nimekoma."

Lusubilo alimsikia vizuri. Akampiga. Alipiga vidole vilivyoinuliwa, akapiga jicho, akapiga mgongo ulipojikunja, na kila pigo lilimtoka kwa wepesi, na wepesi ule ulikuwa mtamu.

"Mjomba! Utaua!" Ketrina, damu ikimchuruzika puani, alimng'ang'ania shingoni kwa mkono uliobaki mzima mpaka wote wawili wakaanguka kwenye bia iliyomwagika.

Jofrey hakufa. Alipoteza jicho la kushoto.

Kituoni askari alijaribu kumsaidia Lusubilo kwa swali. "Ulikuwa unamwokoa mpwa wako, siyo?"

"Ndiyo," Ketrina akawahi kujibu, mkono uliovunjika ukiwa umefungwa plasta.

"Mpaka nondo ilipoanguka, ndiyo," Lusubilo alisema. "Baada ya hapo aliniomba niache. Nilimsikia."

"Mjomba, nyamaza!"

"Andika hivyo, afande."

Askari akaandika.

Siku ya pili mahabusu, Ketrina alimletea ugali na maharage. Alimshukuru kwa kumwokoa, akalia kidogo. Lakini Lusubilo aliponyoosha mkono kupokea bakuli, Ketrina aliliweka kwenye benchi, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri alichukue mwenyewe.